Bi Zuhura na Kirusi Kisicho na Jina

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha mitambo, bisibisi zangu, na kikombe ambacho hakuna aliyekubali kukirithi. Katika chai ya kuniaga, vijana ninaowaachia kazi waliniuliza tulikuwa tukifanya nini siku nzima zamani, kabla ya intaneti kufika Voi. Waliuliza kwa heshima, lakini niliwaona wanadhani tulikuwa tukikaa tu tukisubiri intaneti ije. Nimeamua kuwajibu kwa maandishi. Vyeo na mishahara nitavipita; mwenye hamu navyo, faili yangu iko ofisini. Nitaeleza kazi ilivyokuwa katika miaka ya tisini, na habari za mwanamke aliyenifundisha kazi hiyo.

Anaitwa Bi Zuhura. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Voi, na baba yake, Mzee Twahir, akaligeuza kuwa duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stesheni. Bi Zuhura alisomea elektroniki Mombasa. Aliporudi, alimwomba baba yake chumba cha juu kilichokuwa stoo ya saruji, akafungua karakana ya kompyuta. Kwa muda mrefu adui yake mkubwa hakuwa kirusi bali vumbi la saruji. Alipiga deki, akaziba nyufa, akapiga deki tena, na bado ukifungua kompyuta ya pale ulikuta ndani kiasi cha kutosha kuziba shimo ukutani.

Mimi ni mtoto wa Marungu. Baba yangu alifuga mbuzi na kulima kidogo mvua iliporuhusu. Nilifika kwa Bi Zuhura na cheti cha kompyuta nilichokiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, nikitegemea kukalishwa mbele ya mashine siku hiyo hiyo. Alikitazama cheti, akanirudishia kwa adabu, kisha akaniwekea disketi mkononi.

"Mkawasi, hii ni nini?"

"Disketi."

"Imetoka wapi?"

"Sijui, Bi Zuhura."

"Basi huijui. Umejua jina lake tu."

Kwa vijana ambao hawajawahi kuishika: disketi ilikuwa kibao chembamba cha plastiki, kinaenea kwenye mfuko wa shati. Barua, hesabu, mitihani ya shule, michezo, vyote vilisafiri kwa disketi. Kwenye pembe moja kulikuwa na kifungo kidogo unachokisukuma kwa ukucha. Ukikifungua, mashine inaweza kuisoma disketi lakini haiwezi kuandika chochote juu yake. Siku yangu ya kwanza nzima niliitumia kusukuma vifungo vya disketi za karakana, moja baada ya nyingine, Bi Zuhura akipita nyuma yangu kuhakikisha. Jioni ukucha wangu uliniuma na nilifikiri nimekosea kazi. Baadaye nilielewa kwamba disketi zile ndizo zilizokuwa na programu zetu safi. Kirusi kingeziingia hizo, tungekuwa tunawauzia watu ugonjwa na dawa kwa pamoja.

Mlangoni kulikuwa na meza yenye kompyuta kuukuu isiyokuwa na kitu cha maana ndani yake. Hakuna disketi ya mteja iliyovuka meza ile kabla ya kupimwa. Wafanyabiashara walinung'unika. Karani mmoja wa shamba la mkonge aliuliza kama tunamshuku. Bi Zuhura alimjibu, "Wewe sikushuku hata kidogo. Naishuku disketi yako, na yenyewe haiwezi kukasirika." Akaipima, akakuta virusi viwili tofauti, akaviondoa na kumrudishia bila kuongeza neno.

Watu wengi waliposikia neno kirusi walifikiria homa. Mwenye duka mmoja alikuwa akiifuta kibodi kwa dawa ya vidonda hadi herufi zikatoka. Mchungaji mmoja aliuliza kama anaweza kuiombea kompyuta ya kanisa. "Iombee, Mchungaji," Bi Zuhura akamwambia, "ila uniachie na disketi zake." Kwangu mimi alieleza hivi: kirusi ni programu tu. Ni maagizo aliyoyaandika mtu, yakajibandika kwenye programu nyingine. Ukiendesha ile programu yako, na yale maagizo yanaendeshwa, yanatafuta programu nyingine ya kujibandika, na safari inaendelea. Hakipiti hewani wala hakikai kwenye vumbi.

Programu ya kinga tuliyokuwa nayo ilinishangaza tangu mwanzo, na mpaka leo bado inanishangaza. Ilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kutambua: kila kirusi kina kipande cha maagizo ambacho ni chake peke yake, na programu ilibeba vipande hivyo vyote kama alama, ikifungua kila faili na kulinganisha. Ya pili ni kulinda: sehemu yake ndogo ilikaa kwenye kumbukumbu ya mashine kuanzia asubuhi unapowasha, ikiangalia kila programu kabla haijaendeshwa. Ya tatu ndiyo Bi Zuhura aliyoipenda zaidi, na wengi waliipuuza. Ilipima. Mashine ikiwa bado safi, ilichukua kipimo cha kila programu na kukiweka pembeni. Siku nyingine ilipima tena. Programu haili wala hainywi, kwa hiyo ikinenepa, kuna kitu kimeingia.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Alama zilichakaa. Virusi vipya viliandikwa kila wiki huko duniani, na sisi alama mpya tulizipata kwa disketi iliyotumwa na wakala wa Nairobi kama kifurushi cha basi. Basi likichelewa, nasi tumechelewa.

Sasa nifike Wundanyi.

Huko juu kulikuwa na kitengo kidogo cha kuchapisha vitabu vya breli kwa wanafunzi wasioona. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta moja, programu ya kugeuza maandishi kuwa breli, na printa yake. Printa hiyo haikutumia wino. Iliinua nukta kwenye karatasi nene, na ilipofanya kazi ungedhani fundi yuko darini anapigilia mabati. Msichana aitwaye Wakesho alisoma vitabu vya kawaida na kuvipiga chapa kwenye kompyuta. Mwalimu Mwadime, ambaye surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo, alisoma kila ukurasa kwa vidole kabla haujafika kwa wanafunzi. Sisi tulikuwa mafundi wao. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye maneno makavu, na alinipenda kwa kuwa nilimsalimu kwa Kidawida, lugha ya milima ile.

Siku moja alipiga simu dukani. Mzee Twahir akaniita niteremke.

"Mkawasi, printa yetu imeanza kulewa," Mwalimu akasema.

"Imefanyaje, Mwalimu?"

"Nilikuwa ninasoma habari za moyo na mishipa ya damu. Katikati ya sentensi moyo ukapotea. Nikaingia kwenye takataka, herufi na alama ambazo hazina lugha. Nikavumilia. Nilipotoka upande wa pili, nikakuta damu inaendelea kutembea kama vile hakuna kilichotokea."

Nilipanda Wundanyi kesho yake na sanduku la vipuri vya printa. Niliifungua, nikasafisha, nikachapa ukurasa wa majaribio. Mwalimu akaupitisha vidoleni. "Huu ni mzima," akasema. Basi nikafungua lile somo la moyo kwenye skrini. Takataka ilikuwemo humo humo kwenye faili, katikati ya sentensi. Printa haikuwa na kosa, ilichapa ilichopewa.

Wakesho alisimama nyuma yangu akikunja pembe ya leso yake. "Mimi sikuandika hivyo."

"Hakuna aliyesema ni wewe," Mwalimu akamwambia. "Hata ukitaka kuandika upuuzi wa namna hii huwezi. Unahitaji kipaji."

Nilipima mashine nzima kwa programu ya kinga. Ikaniambia ni safi. Wakesho akalipiga chapa upya lile somo, nikateremka Voi nikiwa na wasiwasi, na haikuchukua muda simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa ni historia. Kisha jiografia. Kila mara kipande kidogo, mahali ambapo jana palikuwa pazima.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Wanafunzi wa kidato cha nne wa Mwalimu walikuwa wanaelekea kwenye mtihani wa taifa. Mwanafunzi anayeona akipoteza kitabu, anaazima cha jirani au anakwenda dukani. Hawa walikuwa na vitabu vilivyotoka kwenye mashine ile na si kwingine. Na ubaya ni kwamba nakala za akiba zilichukuliwa kutoka mashine ile ile. Nilipozifungua chache, nazo zilikuwa na mashimo.

Bi Zuhura alifunga karakana akapanda mwenyewe. Alivaa buibui lake na kubeba kimkoba cha ngozi chenye disketi zake safi, na hakumruhusu mtu kumsaidia kukibeba. Mwalimu Mwadime alimpokea mlangoni.

"Karibu, Bi Zuhura. Sauti yako ni ya mtu asiyelala njaa kwa ajili ya mashine."

"Ahsante, Mwalimu. Hiyo mashine ndiyo itakayolala njaa leo. Mkawasi, izime."

Nikaizima. Akatia disketi yake, akaiwasha kutoka humo badala ya kuiacha ijiwashe yenyewe. Alinieleza sababu huku akifanya: mashine ikijiwasha yenyewe, kirusi nacho kinaamka, tena huamka kwanza. Kuna virusi vinavyokaa kwenye kumbukumbu, na programu ya kinga ikiuliza faili fulani iko namna gani, vyenyewe ndivyo vinavyojibu, vinaonyesha sura ya zamani. Ukiwasha kutoka disketi safi, vinabaki vimelala, na unakagua kila kitu bila mtu wa kukudanganya.

Alipima kwa alama. Hakuna kitu. Nilimtazama, nikadhani amekwama. Akafungua sehemu ya kupima ukubwa, akaleta vile vipimo tulivyochukua siku mashine ilipowekwa pale mara ya kwanza, akalinganisha. Mistari ikaanza kuteremka kwenye skrini. Programu ya breli ilikuwa imenenepa. Programu ya kunakili faili imenenepa. Zote zilikuwa zimeongezeka kwa kiasi kile kile.

"Mwalimu," akasema, "una mgeni. Na hakuna mwenye kumjua."

Wakesho akaongea kwa shida. "Ule ulinzi mliotuwekea, mimi ndiye niliyeutoa. Kumbukumbu haikutosha, programu ya breli ilikuwa inagoma kufunguka."

"Hata ungeuacha," Bi Zuhura akamjibu, "ulinzi ungemwona huyu akipita na kumpa mkono. Alama yake haimo. Tulia, mwanangu."

Mwalimu akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo. "Si tufute kila kitu, tuanze upya? Kuna mtaalamu alipita hapa akasema hivyo ndivyo inavyofanywa."

"Twaweza. Tutakiua kilichomo humu. Lakini kiliingia kwa disketi, na disketi hiyo iko mahali, labda humu ndani, labda shule nyingine. Kitarudi, na kikirudi tutakuwa hatukijui vile vile. Mimi nataka kijulikane." Kisha akanigeukia. "Mkawasi, kwenu Marungu, chui akianza kuchukua mbuzi usiku na hakuna aliyemwona, baba yako hufanya nini?"

"Humfunga mbuzi mmoja mahali pa wazi, akajificha."

"Haya. Tumfungie mbuzi."

Nilidhani anatania. Akaandika programu ndogo mno, isiyofanya kazi yoyote ila kufunguka na kufunga. Tulijua kila herufi iliyokuwa ndani yake. Akatengeneza kadhaa za namna hiyo, akaziweka kwenye disketi, na safari hii akaiacha mashine ijiwashe yenyewe, kirusi kikaamka. Akaziendesha moja baada ya nyingine. Kisha akazima, akawasha tena kutoka disketi safi, akazitazama. Zote zilikuwa zimenenepa. Kila kilichozidi pale kilikuwa ni kirusi chenyewe, kimekaa peke yake, hakijachanganyika na kitu tusichokijua.

Nimeshuhudia mafundi wengi tangu wakati ule, wengine wenye shahada ndefu. Sijaona tena mtu akimkamata asiyeonekana kwa utulivu kama ule. Alikuwa akinywa chai.

Disketi ile ya mbuzi ilipanda basi la Nairobi kwa wakala, na wakala aliituma ng'ambo kwa waliotengeneza ile programu ya kinga. Kilichobaki kilikuwa kusubiri, na mtihani haukusubiri. Mwalimu Mwadime hakulalamika. Aliuliza tu, "Na watoto niwaambie nini?"

Bi Zuhura alimwomba siku mbili. Siku mbili hivi baadaye tulirudi Wundanyi tumebeba kompyuta bora ya karakana, ile ambayo yeye mwenyewe aliitumia kwa kazi zote za wateja. Wateja wakaambiwa wangoje. Mzee Twahir alisema hajawahi kuona mwenye duka akigawa mizani yake, lakini alitusaidia kuifunga kwenye blanketi. Tuliweka programu ya breli upya kutoka kwenye disketi zake za asili, ambazo vifungo vyake vilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kirusi hakikuweza kuzigusa. Ukucha wangu ulilipwa siku ile.

Yale masomo yenyewe tuliyahamisha. Yalikuwa maandishi matupu, na wakati ule maandishi matupu hayakuweza kubeba kirusi. Yangeweza kuharibiwa nacho tu. Lakini yameharibiwa wapi? Hakuna programu iliyoweza kutuambia. Kwa kompyuta, herufi ni herufi, ziwe za moyo au za takataka. Ilibidi kila ukurasa usomwe na mtu.

Mwalimu akawaita wanafunzi wake wa kidato cha nne, akawakalisha kwenye meza ndefu na rundo la vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Kazi yao ilikuwa kusoma kila mstari na kuita wakikutana na upuuzi. Yeye alikaa kichwani mwa meza na kusoma vigumu zaidi, hesabu na kemia, ambako takataka na fomula vinafanana sana. Wakesho alikaa kwenye mashine ya karakana akipiga chapa upya kila kilichoitwa, na printa ikapigilia mabati yake kutwa.

"Hawajawahi kusoma biolojia kwa bidii hii," Mwalimu aliniambia siku moja nilipopanda kuwatazama. "Nimewahubiria miaka minne. Kumbe walihitaji adui."

Msichana mmoja kutoka Kishushe, mwenye sauti ndogo, aliita akiwa kwenye kitabu cha historia. Wakesho akatazama skrini, akamwambia hapo pako sawa. Msichana akasisitiza kwamba si sawa. Mwalimu akapitisha vidole, akacheka taratibu. Hapakuwa na takataka yoyote. Kitabu chenyewe, kile cha kununua dukani, kilikuwa kimekosea mwaka. "Hilo kirusi hakihusiki," Mwalimu akasema. "Lakini rekebisha tu, Wakesho."

Wakala wa Nairobi alipopiga simu, nilikuwa peke yangu karakanani. Alisema alama imepatikana na disketi iko njiani. Nilikwenda kituo cha basi kabla ya saa yake na kusimama pale kama mtu anayempokea mgonjwa aliyepona. Pamoja na disketi kulikuwa na barua fupi. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekisoma kirusi chetu agizo kwa agizo. Walieleza kinavyojibandika, na kwamba kila baada ya muda huchagua mahali popote kwenye diski ya ndani ya mashine na kuandika upuuzi juu yake. Tena walikuwa wameongeza namna ya kukiondoa bila kuiua programu kiliyoiingia. Mwishoni waliuliza: kwa kuwa kilipatikana kwetu mara ya kwanza, je, wakiite kwa jina la mji wa Wundanyi?

Bi Zuhura alimsomea Mwalimu Mwadime barua hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waambie wasikiite Wundanyi," akasema. "Watu watadhani sisi ndio tuliokitengeneza. Milima hii ina sifa zake, hiyo tusiiongeze."

"Wakiite kwa jina lako?"

"Afadhali Wundanyi."

Kwa hiyo kikapewa namba tu, na namba yenyewe nimeisahau.

Tulitia alama mpya na kupima ile mashine iliyougua. Safari hii programu ya kinga haikusita. Ilipofika kwenye programu ya breli ilisimama, ikataja namba ya kirusi, ikauliza kama tunataka kiondolewe. Bi Zuhura akamwambia Wakesho abonyeze yeye. Faili baada ya faili, kikatolewa. Kisha Bi Zuhura akarudi kwenye vipimo vyake vya zamani, akalinganisha. Kila programu ilikuwa imerudi kwenye ukubwa wake wa siku ya kwanza, bila kuzidi wala kupungua. Mimi nilikaa pale nikiwafikiria wale watu wa ng'ambo, ambao hawangeweza kuionyesha Wundanyi kwenye ramani, walioketi wakasoma maagizo ya mtu mwovu herufi kwa herufi hadi wakajua wafungue wapi na washone wapi. Sijawahi kuwaona. Ningewapa mkono.

Tulipima disketi zote za kitengo. Kirusi kilikuwa kwenye mchezo wa kujifunzia kupiga chapa, ambao hakuna aliyekumbuka umeletwa na nani. Na tuliporudi Voi, ile meza ya mlangoni ikaanza kutuonyesha ukubwa wa jambo. Disketi ya shule moja ya Marungu ilikuwa nacho. Ya karani wa shamba la mkonge ilikuwa nacho. Ya mtu wa stoo ya mbegu ilikuwa nacho. Kilikuwa kimetembea wilaya nzima, na watu walikuwa wakilaumu stima, makarani na joto.

Vitabu vilikamilika kabla ya mtihani. Matokeo ya wanafunzi wale hayakutangazwa redioni, lakini hakuna aliyeingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amesoma moyo nusu. Kompyuta ya karakana iliteremka Voi ndani ya blanketi lake, na Mzee Twahir akasema mizani imerudi nyumbani. Yule msichana wa Kishushe sasa ni mwalimu, na wanaomjua wananiambia bado anarekebisha vitabu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Programu mpya za kuandikia barua zilikuja, na ndani yake kulikuwa na uwezo wa kuficha maagizo kwenye barua yenyewe. Siku moja Bi Zuhura alimaliza kusoma makala fulani kuhusu jambo hilo, akaniita. "Mkawasi, nilikufundisha kwamba maandishi hayabebi kirusi. Lifute hilo. Tangu leo yanabeba." Alisema kama mtu anayekueleza kwamba barabara imefungwa, akarudi kazini. Tangu siku hiyo meza ya mlangoni ilipima na barua.

Nimalizie na mteja mmoja wa Taveta, mwenye biashara ya vitunguu. Tulikuwa tumemwekea programu ya kinga yenye alama mpya, na mashine yake ndiyo iliyobeba hesabu zake, majina ya wakulima wake na kila kitu alichokuwa nacho. Alikuja hadi Voi, akapanda ngazi akihema, akaketi bila kukaribishwa.

"Bi Zuhura, ile programu yako inanisumbua. Jana nilitia disketi ya shemeji yangu, ikanikatalia. Ikasimama katikati ya kazi, ikapiga kelele kuwa kuna kirusi, ikataja namba."

Bi Zuhura akamwomba airudie namba hiyo. Akairudia. Mimi na yeye tukatazamana. Ilikuwa ni kile chetu.

"Ikafanyaje baada ya hapo?"

"Ikakiondoa. Kisha ikaniweka ningoje ikipima mashine nzima."

"Na kuna kitu kilichoharibika?"

"Hapana."

"Hata faili moja?"

"Nimekwambia hakuna. Ndiyo maana nimekuja. Nimepoteza asubuhi nzima bure, na leo nyingine kuja huku."

"Pole sana," Bi Zuhura akasema, na alimaanisha. Alimwagizia chai, akamsikiliza hadi akatulia, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi akimshika kiwiko kwa kuwa ngazi zile zilikuwa mbovu. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku ya Idi.

"Umemsikia, Mkawasi?" akaniuliza. "Bure."